Fundo Linalofunguka kwa Ndani: Maisha ya Tobia Tak Mansik, Mfinyanzi wa Bonde la Hwangdol

Tobia Tak Mansik alizaliwa majira ya machipuko ya mwaka 1834, karibu kabisa na mdomo wa tanuri, mama yake akiwa bado na udongo mikononi. Majirani walitania maisha yake yote kwamba mtoto huyu hakuzaliwa, alifinyangwa, na kwamba aliyemfinyanga alimsahau motoni, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuwaka. Baba yake alikuwa Mkristo wa siri na mfinyanzi, mambo mawili yaliyokwenda pamoja siku zile, kwa sababu mfinyanzi huhama udongo unapokwisha, hakuna anayemuuliza ametoka wapi, na mwenye mzigo wa mitungi mgongoni anaweza kubeba habari za Mungu kutoka bonde hadi bonde bila kutiliwa shaka. Katika mateso ya mwaka 1839 baba huyo alichukuliwa na askari, hakurudi. Mama alimfuata kaburini kabla theluji haijayeyuka. Mtoto akalelewa na mzee Maeng, katekista wetu, aliyemfundisha sala na gurudumu la kufinyangia kwa pamoja, na kumbatiza jina la Tobia, yule kijana wa Maandiko aliyeanza ndoa yake kwa kupiga magoti.

Waandishi wa maisha ya watakatifu hupenda kusema kwamba mtakatifu wao alikuwa mpole tangu utotoni, hata maziwa ya mama alikuwa akiyakataa siku ya Ijumaa ili afunge. Wa kwetu hapana. Wa kwetu alikuwa na wivu. Siku moja mzee Maeng aliusifu mtungi wa mvulana mwingine, udongo wake ukiwa bado mbichi. Mansik akaenda akaukalia.

"Umeukalia mtungi wa mwenzio ili iweje?" mzee aliuliza.

"Ili usifie wangu."

"Wako uko wapi?"

"Sijaufinyanga bado."

Mzee Maeng alianza kucheka, kisha akaona kwamba mtoto huyu hakuwa akitania. Kasoro hiyo ndiyo vita ya maisha yake yote, na tunaisimulia wazi kwa sababu mwenyewe hakutaka ifichwe.

Alipofikia umri wa kuoa, aliposewa Eufrasia Sodan, binti wa Wakristo wa bonde la jirani. Mansik alikuwa amemwona mara moja tu, akishusha mtungi wa maji kichwani bila kumwaga hata tone, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Mkesha wa harusi, mikate ya mchele ikiwa inatwangwa uani, Sodan aliomba kuonana naye mbele ya mzee Maeng.

"Kaka Mansik," alisema, "mimi nimeshajitoa kwa Bwana Yesu tangu mwaka wa njaa. Wazazi wananioza kwa woga tu, maana binti mkubwa asiye na mume hutiliwa shaka. Ukikasirika una haki. Ila mke wako siwezi kuwa."

Mansik, aliyekuwa akiimba tangu asubuhi, aliacha kuimba, akaitazama mikate mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Basi na mimi naweka nadhiri hiyo hiyo. Wewe hutakuwa wangu, na mimi sitakuwa wa mwingine."

Mzee Maeng alilia kwa furaha, na harusi ikavunjwa. Maneno yalikuwa mazuri mno, na ndivyo yalivyosimuliwa kwa miaka mingi katika mabonde yetu. Lakini Tobia mwenyewe alikiri baadaye kwamba moyoni alikuwa na maneno mengine, mafupi zaidi: kama si wangu, basi asiwe wa mtu. Alimtolea Mungu sadaka, ndiyo, lakini mkono wake mmoja ukabaki umeishikilia.

Mwaka uliofuata mateso yalitawanya familia zao, na wote wawili, pamoja na mama mzazi wa Sodan ambaye masikio yake yalikuwa mazito, walihamia Hwangdol kati ya wafinyanzi. Ili wasiulizwe maswali, walijitambulisha kama mama na watoto wake wawili: kaka mtu, na dada mtu aliyefiwa na mume. Sodan alifunga nywele zake fundo la mke wa mtu, akazichoma kijiti cha mti, akavaa nyeupe ya mjane. Yeye na mama yake walilala chumba cha ndani, Mansik cha nje, na katikati ulikuwa mlango wa karatasi.

Kwa mwanamume, nadhiri hiyo ilikuwa na gharama inayoonekana na kila mtu. Kwetu mwanamume akioa hukusanya nywele zake utosini na kuzifunga kishungi. Asiyeoa hubaki na msuko mmoja mgongoni kama mtoto, na kama mtoto huongeleshwa, hata akiwa na mvi. Vijana waliokuwa wakila makamasi Mansik alipohamia bondeni walioa, wakafunga vishungi, wakaanza kumwita "we dogo". Aliwaonea wivu vishungi vyao kuliko mtu mwenye njaa anavyouonea wivu wali. Siku za soko watoto walimfuata nyuma wakiuvuta msuko: "Mansik, mama yako anakuita ukaoge!" Yeye alitabasamu kwa meno tu.

Mwili nao ulidai haki yake, na Kanisa halioni aibu kulisema hilo, maana nadhiri isiyogharimu kitu haina cha kumpa Mungu. Sikukuu ya mwezi wa tano wanawake huosha nywele kwa maji yaliyochemshwa majani ya ziwani, na harufu ile ilipenya mlango wa karatasi na kukaa chumbani kwa Mansik kama mgeni asiyeaga. Hapo alikuwa akitoka kwenda shimo la udongo, anaukanyaga udongo kwa miguu mitupu, huku akisali kwa sauti, mpaka miguu inakufa ganzi. Wafinyanzi wenzake walisema udongo wa Mansik ulikuwa laini kuliko wote bondeni. Hawakujua ulikandwa na nini.

Lakini tamaa aliijua kwa jina lake na aliipiga vita mchana kweupe. Wivu ulikuwa mjanja zaidi, ulivaa joho la mlinzi wa usafi. Alimkataza Sodan kwenda sokoni: watu wa soko wana midomo michafu. Alimkataza kufua mtoni: wachungaji hupita pale. Kila katazo lilikuwa na sababu nzuri ya kidini, na Sodan alitii, na kijiji kikasema, tazama kaka anavyomlinda dada yake. Na kwa kuwa alikuwa kaka mtu, basi washenga walikuja kwake. Hebu fikiria adhabu hiyo: kuletewa maombi ya uchumba wa mwanamke unayempenda, umekunja miguu, unamkaribisha mgeni maji ya mchele.

Aliyemsumbua zaidi alikuwa Bi. Chu, mshenga mwenye kiko kirefu kuliko mkono wake.

"Kaka mtu, leo nina habari tamu. Kwak Tokbo, muuza mchuzi wa soya wa ng'ambo ya kilima. Mjane kama dada yako, ana mtoto mmoja wa kike, hanywi, hapigi."

"Dada yangu hataki."

"Umemuuliza?"

"Najua."

"Aaa, unajua! Wenye misuko siku hizi wanajua ndoa kuliko sisi tuliozika waume wawili." Bi. Chu aligonga kiko chake kwenye kizingiti na kuinuka. "Sikiliza, mwanangu. Mlango ukifungwa, gunia lipo."

Kila mtu bondeni alielewa. Mjane haolewi kwa ngoma. Anayemtaka hutuma wanaume jioni, wanamtia guniani, wanambeba mbio. Kesho yake ndugu wanapiga kelele mpaka saa ya chakula, halafu wanakula.

Tangu siku hiyo Mansik hakuwa na amani. Kwak alikuja kununua mitungi, Mansik akahesabu mara alizopepesa macho. Sodan alicheka jikoni, naye akauliza anacheka na nani, kumbe ni na mama yake. Ilifika mahali akamwonea wivu hata Msulubiwa. Jioni alipomsikia Sodan nyuma ya karatasi akisema "Bwana wangu" kwa sauti ambayo yeye hajawahi kuitwa kwayo, alishindwa kuvumilia. Mzee Maeng, aliyekuwa amezeeka sasa, alipopita bondeni katika safari zake za kufundisha, Mansik alimwendea.

"Mzee, Yeye hata paa likivuja hapandi kuliziba. Napanda mimi. Halafu ndiye anayenong'onezewa!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Umemwambia mwenyewe?"

"Nani?"

"Huyo mwenzio unayegombana naye. Nenda kamwambie hivyo hivyo, usiongeze maneno ya kitabuni."

Na tangu hapo, asema Sodan, sala za Tobia zilikuwa ugomvi mtupu, na ndizo zilizomwokoa, kwa sababu mtu anayegombana na Mungu kila jioni angalau hajaacha kwenda nyumbani Kwake.

Mwaka 1860, majani yalipogeuka mekundu, Mansik aliwaona Sodan na Kwak nyuma ya ghala la mitungi. Hakusikia maneno. Alimwona Sodan akicheka mpaka akajifunika mdomo, kisha akipokea kibuyu kidogo cha mchuzi wa soya. Jioni hiyo alisikia mnong'ono chumba cha ndani. Akalowesha kidole mate, kama wafanyavyo wahuni kwenye vyumba vya maharusi, akatoboa karatasi, akaweka jicho. Mama alikuwa amelala usingizi, wala hapakuwa na mtu mwingine wa kunong'ona naye. Sodan alikuwa akisali huku akishona kiraka kwenye koti la Mansik mwenyewe, nywele zimefunguliwa, zimefika sakafuni. Jicho lililoingia kwa sababu ya wivu lilibaki kwa sababu nyingine. Alipojigutusha, alitoka nje akaukanyaga udongo wenye barafu juu yake.

Asubuhi tobo lilikuwa limezibwa. Sodan alikuwa amebandika jani jekundu la mti wa mlimani, kwa uji wa mchele, sawasawa pale pale. Alimpakulia uji wake kama kila siku. Mtu mwenye akili angelia. Mansik alilitazama lile jani akawaza: anaficha nini?

Muda si mrefu ikafika zamu yao ya kuwasha tanuri. Tanuri likiwaka bonde zima huwa pale, wanaume kwa wanawake, kutupia kuni. Ilikuwa kawaida ya Sodan kurudi chumbani jua linapozama, apumzike kidogo kabla ya zamu yake. Mansik alikuwa na hakika kwamba siku ya gunia ni hiyo, na kwamba Sodan anaijua. Akamwambia abaki kwenye kuni. Yeye akaingia chumba cha ndani, akajifunika shuka jeupe la Sodan kichwani, akalala chini ya blanketi lake na rungu ubavuni. Atawafumania. Atampiga Kwak mbele ya watu wake, halafu atarudi kumwuliza Sodan: nadhiri yako iko wapi?

Gunia kweli lilikuja. Lakini Kwak hakuwemo, alikuwa nyumbani kwake. Walikuja wanaume wanne wenye haraka, na kabla Mansik hajaliona rungu liko upande gani, alikuwa ndani, kichwa chini, anapanda kilima mabegani kwa watu.

"Loo, mjane huyu mzito!"

"Wafinyanzi hao. Wanakula udongo."

"Mbona halii? Mke wangu alilia mpaka darajani."

"Amependa, huyu. Kimya ni jibu."

Angeweza kupiga kelele. Hakupiga, kwa aibu kwanza, na pili kwa wivu: alitaka asikie kwa masikio yake Kwak akijisifu kwamba walipatana. Wakamweka sakafuni penye joto, mlango ukafungwa, nyayo zikaondoka. Kisha ikasikika sauti ya mtu akikaa chini, mbali kidogo na gunia.

"Mama," alisema Kwak, "usiogope. Sitafungua mpaka wewe useme. Kaka yako nimemuuliza, akanijibu kama mbwa wa mlangoni. Lakini wewe mwenyewe sikukuuliza, na hiyo ni aibu yangu. Siku ile nyuma ya ghala nilipoteleza nikavunja mtungi kwa makalio, wewe ukacheka, nikasema moyoni, nyumba yangu haijasikia kicheko tangu mama mtoto afe. Nikakupa mchuzi kwa ajili ya kifua cha mama yako, nikashindwa kusema zaidi. Basi nauliza sasa. Ukitaka, kaa. Ukikataa, hawa hawa watakurudisha, nami nitakuja mchana kuomba radhi mbele ya watu wote. Unataka nini?"

Ndani ya gunia Tobia alisikia swali ambalo yeye, mlinzi wa usafi, katika miaka yote ile ya nadhiri, hakuwahi kumuuliza Sodan hata mara moja. Akalia. Alilia kwanza kwa aibu, kisha kwa kitu kingine, na Kwak alikaa palepale akimngoja mjane amalize.

Hatimaye gunia likajibu kwa sauti nzito ya kifua: "Mimi sitaki."

Kwak aliruka nusura aingie kwenye chungu cha makaa. Akafungua kamba, ukatoka msuko, ukafuatwa na mwenyewe.

"We! Kaka mtu!"

Walitazamana, na aliyeanza kucheka alikuwa Kwak. Alimletea uji wa maharage, na Tobia, akila, alimwambia kila kitu: kwamba yeye si kaka, kwamba wote wawili ni Wakristo, kwamba kuna nadhiri, kuna tobo na kuna jani. Kwa maneno hayo aliweka shingo yake mikononi mwa mpinzani wake. Kwak alimwongezea uji.

"Kaka," alisema mwishoni, "mimi nimembeba mtu guniani jioni moja, tena mtu mwenyewe siye. Wewe umembeba huyo tangu lini?"

Maneno hayo ya mtu asiyebatizwa Tobia aliyaita mahubiri makubwa kuliko yote aliyowahi kusikia. Alirudi Hwangdol kwa miguu, akakuta tanuri bado linawaka, akapiga magoti mbele ya mlango wa karatasi na kuungama yote kwa sauti kubwa, kwa sababu ya mama mzazi aliyesisitiza na yeye asikie.

Sodan alifungua mlango kidogo. "Tobo nililiziba mimi, kaka. Jicho lizibe mwenyewe."

"Nitaliziba. Sodan, wewe unataka nini?"

Alianza kucheka, akaishia kulia. Alitaka kwenda sokoni na mitungi kichwani mwake mwenyewe. Alitaka kufua mtoni. Alitaka kuwafundisha wasichana wa bondeni sala na katekisimu. "Na nataka kuwa bikira wa Bwana kwa kuwa nimependa mimi, si kwa kuwa kuna mtu amesimama mlangoni na rungu."

Tusiwadanganye wasomaji kwamba wivu wa Tobia ulikufa siku hiyo. Aliishi nao kama mtu anavyoishi na goti bovu. Kila siku ya soko alimsindikiza Sodan mpaka kwenye kona ya njia, akageuka, akarudi bila kutazama nyuma, moyo ukimwaka kama kawaida, na kwenda moja kwa moja kwenye shimo la udongo. Sodan aliporudi jioni, Tobia hakumuuliza ameongea na nani. Alimuuliza kama mitungi ilimchosha shingo. Hapo ndipo wana wa Kanisa wanapouona utakatifu wake: moto haukuzimika, ila aliuhamishia kwenye kazi nyingine. Kwak naye alianza kuja Hwangdol, safari hii kwa ajili ya katekisimu, na Tobia ndiye aliyemfundisha, ingawa Jumapili ya kwanza, kwa ushahidi wa Kwak, alimfundisha akiwa amempa mgongo.

Ndipo ukaja mwaka 1866. Mama wa Sodan alikuwa ameshazikwa. Mzee Maeng alikamatwa katika safari yake ya mwisho, na asubuhi moja yenye ukungu Kwak alifika mbio: askari wako darajani, wana majina, jina la Mansik limo, kabla ya jua kupanda watakuwa hapa. Mlimani palikuwa pa kujificha tu, na njia ya kutoka bondeni ilikuwa hiyo moja ya darajani. Kwak alikuja na watu wanne na kitu kimoja mabegani.

"Hakuna askari anayesimamisha gunia la mjane," alisema akitazama chini. "Wanasema ni mkosi."

Tobia alilitambua lile gunia. Alitambua pia kinachoombwa: mwanamke ambaye kwa ajili yake alimwonea wivu hata Mwana wa Mungu abebwe kwenda nyumba ya mwanamume aliyewahi kumtaka, na yeye abaki. Kwa maana mmoja ilibidi abaki. Tanuri lilikuwa linawaka, na moshi ukikatika askari wangejua kijiji kimekimbia, wakati familia nyingine bado zinapanda mlima. Sodan asema uso wa Tobia ulikuwa mwekundu kama mdomo wa tanuri. Lakini alimgeukia yeye kwanza, kabla ya kumjibu Kwak.

"Unataka?"

"Nataka kubaki na wewe tufe pamoja," alisema Sodan. "Hilo ndilo nalitaka. Lakini mzee Maeng hayupo, na katekisimu yote imebaki kichwani mwangu, na wasichana wale wako mlimani." Akalishika gunia, akaingia mguu mmoja. "Nitaingia. Ila kamba funga wewe, Mansik."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina tupu. Tobia alichukua kamba. Kwa mikono iliyofunga mizigo ya mitungi maisha yake yote, akafunga fundo la wafinyanzi, lile ambalo mtu akivuta kutoka ndani linafunguka lenyewe. Alimwonyesha Sodan ncha ya kuvuta. Kisha akamwambia Kwak, "Mbebe polepole, si mzito kama mimi," akarudi kwenye kuni zake.

Darajani wabebaji waliimba nyimbo za aibu, kama ilivyo desturi. "Kheri bwana harusi!" askari mmoja alipiga kelele, na wote wakapisha.

Tobia alikutwa akitupia kuni. Katika gereza la mji wa mkoa alipigwa mara nyingi ili awataje wenzake, hakuwataja. Hakimu aliposhindwa kwa fimbo alijaribu kwa maneno, na shetani alimpa maneno yaliyo sahihi kabisa.

"Mtu mzima na msuko! Si aibu? Watu wangu wanasema mjane wako alipita darajani guniani, nasikia wala si dada yako. Saa hii yuko chini ya blanketi la mwanamume, wewe unaoza hapa. Kanusha neno moja tu. Nakufunga kishungi kwa mkono wangu, natuma watu wamrudishe, awe mke wako leo leo."

Wafungwa waliokuwepo wanashuhudia kwamba aliushika msuko wake mkononi, akautazama. Kisha akasema, "Mheshimiwa, gunia lile nililifunga mimi. Linafunguka kwa ndani. Alipo, ndipo alipotaka." Na alipokuwa akiburutwa nje aliongeza, kwa tabasamu la meno, safari hii na macho: "Msuko niachie. Nimeuzoea."

Alikufa kwa majeraha majani yakiwa mekundu, mwaka ule ule. Waliofanikiwa kuuchukua mwili wake walitaka wamfunge kishungi azikwe kama mwanamume kamili. Sodan, aliyekuja kwa siri, aliwazuia. Aliuchana msuko, akausuka upya mwenyewe. Ndiyo mara pekee aliyomgusa.

Wafinyanzi waliporudi Hwangdol walilifungua tanuri lililoachwa kwenye moto bila mtu, wakitarajia vigae. Kila mtungi uliokuwamo ulitoka mzima, na mlio wake ukigongwa ni wa kengele. Mmoja unatunza maji ya baraka katika kanisa letu mpaka leo. Kwak alibatizwa jina la Yosefu, akamlinda Sodan kama mgeni mpaka mateso yalipokwisha, na Sodan mwenyewe, kwa msaada wa Bi. Chu, alimtafutia mke anayecheka kwa sauti. Yeye alirudi bondeni, akafundisha wasichana hadi uzee, na ndiye aliyesimulia haya yote, pamoja na habari ya tobo, akisema mtakatifu asiye na tobo hamfai mtu. Watu wa mabonde haya humwomba Tobia katika jambo moja hasa. Wapo waume waliozoea kuwanyemelea wake zao hadi mtoni ambao, baada ya kusali kwenye kaburi lake, walirudi njiani bila kujua miguu imegeukaje, na wapo wake pia, ingawa hao hawasemi.

Na maharusi wa Hwangdol, kabla ya kuhamia chumba chao, hubandika jani jekundu kwenye karatasi ya mlango, pale kidole kingefika. Bibi harusi hupaka uji, bwana harusi hubandika, na akiwa bado ameshikilia jani lisidondoke humuuliza mwenzake, "Unataka nini?" na husimama hapo mpaka ajibiwe. Nasi tunaotaka kuishi safi, wenye ndoa na wasio nayo, tumfuate Tobia katika hilo: moto tuupeleke kwenye udongo, tobo tuliungame kwa sauti, na yule tunayempenda kuliko tunavyoweza kuvumilia, kama kamba imefika mikononi mwetu, tumwonyeshe ncha ya kuvuta.